Kosa Langu Niliimba Vizuri

Nimekosa. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asije mtu akanitetea, maana nina mashoga, wanawake wenzangu, wanaonipenda na wao ndio walionifikisha hapa kwa makofi yao.

Na kosa langu, jamani, si kwamba niliimba ovyo. Laiti! Ningeimba ovyo, watu wangeinuka kwenda kuchukua sambusa, wimbo ungepita, na leo ningekuwa na jamaa. Mie niliimba vizuri. Nilipanda jukwaani na bendi nzima nyuma yangu, nikaimba vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na kila aliyekuwemo ukumbini alilisikia kila neno. Hongera yangu!

Majina nimeyabadilisha. Watu wa Ibra mtanijua tu, nyie hamfichwi kitu, lakini nyamazeni kidogo nimalize.

Mie ni mwalimu wa hesabu. Nimezaliwa hapa hapa Oman. Wazee wangu walitoka Unguja, na nyumbani kwetu mtoto akitaka maji kwa Kiarabu aliambiwa aombe tena kwa Kiswahili. Marehemu dada yangu aliniachia binti yake, Nasra, kabla hajaanza skuli. Nimemlea mimi. Huniita Mama mdogo, na akitaka kitu kikubwa huniita Mama peke yake, basi hapo hujua nimekwisha.

Kuimba ndiyo starehe yangu. Miaka mingi nimeimba kwenye harusi za jamaa, Ibra, Mudhaibi, mpaka Nizwa, na muziki wangu wote uko ndani ya flashi. Unaichomeka, inapiga, unaikimbilia. Ukisahau beti inakwenda zake, haina habari na wewe. Ukimaliza kabla yake unasimama unatabasamu kama mtu anayengoja lifti. Na mimi kwa hayo nilijiita mwimbaji, tena mkubwa.

Sasa Nasra akaposwa na kijana wa Al-Qabil. Kijana mzuri, mpole, kazi yake Sur, sina neno naye. Jamaa zake ni Waarabu wa huko huko, watu wa mashamba ya mitende, Kiswahili hawakijui hata cha kuombea chumvi. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Ingekuwa mtihani, ningejipa alama zote.

Siku ya posa walikuja kwetu. Chakula kilichelewa kidogo, nakubali, jiko lilinigomea. Wanawake wakakaa wakinywa kahawa, wakangoja. Mke wa ami yake bwana harusi, mwanamke mmoja mrefu mwenye pete kila kidole, akamwinamia mwenzake akasema kwa Kiarabu, wala si kwa kunong'ona: "Hawa watu wa Zinjibar hawajui kupokea mgeni bila ngoma. Tutalishwa leo, au tutachezewa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia mkononi.

Alidhani sielewi Kiarabu! Mie! Niliyewafundisha watoto wa mkoa huu kugawa na kuzidisha kwa Kiarabu, leo hii nisielewe "tutachezewa"? Nilicheka kwa hasira. Nikasema moyoni, hakuna ujinga duniani unaoushinda huu, kumsema mtu mbele ya masikio yake kwa lugha unayodhani haijui. Nawaomba muyaweke hayo maneno yangu mahali, tutayahitaji baadaye.

Mtu mwenye akili angeyameza, akatoa chakula, yakaisha. Mie nikaapa kwamba watachezewa kweli.

Nikamwambia mume wangu kwamba harusi ya Nasra haitaki flashi, inataka bendi ya watu wazima, udi na fidla na ganuni, dumbaki na ngoma nyingine zinazopigwa kwa mikono. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto, yatima yule, mama yake angependa. Ndiyo, nilimtia marehemu dada yangu katika fitina yangu. Niandikieni na hilo.

Bendi tuliipata Sur. Wanaume watu wazima, wengi wao wamekulia Kiswahili kama mimi, na mkubwa wao ni mzee mmoja mpiga fidla, nimwite Ustadh Mbarak. Kila Ijumaa mume wangu alinipeleka Sur kwa mazoezi, mwendo wote ule, akakaa pembeni na chai yake, maskini, akidhani anamsaidia yatima.

Siku ya kwanza nilianza kuimba kama nilivyozoea. Ustadh Mbarak akaondoa upinde kwenye fidla. Wenzake wote wakanyamaza.

"Binti," akasema, "unakimbizwa na nani?"

"Na nani tena, Ustadh? Naimba."

"Huimbi, unakimbia. Sisi si kanda. Ukivuta pumzi, tunavuta. Ukisita, tunakungoja. Msikilize mpiga dumbaki, huyo ndiye mume wako hapa." Akamtazama mume wangu. "Samahani, bwana."

Jamani, sijui niseme nini juu ya zile Ijumaa. Kejeli zangu zote ziwekeni kando kwa hapa tu. Kuimba na watu walio hai! Unaliburuza neno kidogo, udi unaliburuza pamoja nawe. Unashusha sauti, ngoma inashuka mpaka unaisikia kwenye nyayo tu. Nilikuwa narudi nyumbani sisemi, nimeshiba. Nilikuwa mtu mzima na sikuwahi kujua kwamba muziki unaweza kukungoja.

Lakini kulikuwa na jambo la pazia. Nyie wa huku mnajua, wengine niwaeleze. Ukumbi wa wanawake ni wa wanawake. Wapigaji ni wanaume, kwa hivyo hukaa nyuma ya pazia zito, mimi nasimama mbele. Wao hawanioni, hawaoni ukumbi, hawaoni chochote. Wanasikia tu.

Basi Ustadh akanipa dawa yake. Jukwaa ni la mbao. Nikipiga kisigino mara moja, tunakwenda beti linalofuata. Nikipiga mara mbili, tunarudia kiitikio, na tunakirudia, na tunakirudia, mpaka kisigino changu kiseme vingine. Akaniambia hiyo ndiyo siri ya kuufurahisha ukumbi: watu wakikipenda kiitikio, usiwanyang'anye, waache wakile washibe.

"Na wimbo ukiwa mzuri," akasema, "mtu huondoka nao. Keshokutwa utamkuta anaosha vyombo, anao mdomoni."

Nikasema, inshallah, Ustadh. Nikitabasamu.

Kwa sababu wimbo nilikuwa nao tayari. Nimeutunga mwenyewe. Na hapa ndipo mtakapoona elimu inavyoweza kumharibu mtu. Waarabu wa huku hakuna tusi linalowaingia kuliko kuambiwa nyumba yenu ni ya uchoyo, mgeni hapati kitu. Basi hilo hilo ndilo nililolitungia. Lakini Kiswahili chetu kimejaa Kiarabu, ningesema "bakhili" wangeruka kwenye viti. Kwa hivyo nikakaa na kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia watoto, nikafuta kila neno lenye harufu ya Kiarabu. Nikauchuja wimbo kama tui. Yakabaki maneno ya bara tupu, Mwarabu asikamate hata moja. Kiitikio chenyewe hiki hapa:

Mlango wao mpana,
jikoni hapana moto;
mgeni akisonona
hulishwa wali wa ndoto.

Kizuri, eeh? Najua kizuri. Ndiyo taabu yenyewe.

Ustadh Mbarak alipousikia wimbo aliweka fidla mapajani. "Huu unampiga nani?"

"Haumpigi mtu, Ustadh. Kichekesho cha nyumbani kwetu, cha zamani."

Akaniangalia. Kisha akasema tuni ni nzuri, na wale waume wakaanza kuitikia "hulishwa wali wa ndoto" kwa sauti zao nene, wakicheka. Niliwadanganya watu wazima wenye heshima zao, wakaniamini.

Siku mbili kabla ya harusi, wale wale wachoyo wa wimbo wangu walitualika chakula cha mchana kwao Al-Qabil. Nilikwenda na shoga yangu Zuhura na wanawake wengine wa upande wetu. Tulipokewa na bibi yake bwana harusi, nimwite Bibi Zuwena, mzee mwembamba mwenye macho ya kucheka, hasemi sana. Alichosema alikisema kwa Kiarabu. Alitukalisha, akakataa wakwe zake wasinipakulie, akanipakulia kwa mkono wake.

Wali wa nazi! Al-Qabil, katikati ya mitende, wali wa nazi mweupe, chembe moja moja, na mchuzi wa papa pembeni!

Nikamgeukia Zuhura, nikasema kwa Kiswahili mbele ya uso wa bibi wa watu: "Hawa wameutazama kwenye Yutyubu. Lakini wamepatia, wallahi. Ingekuwa kwetu ningeomba ukoko."

Zuhura akacheka. Bibi Zuwena akainuka taratibu, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya ukoko. Ukoko wa chini ya sufuria, wa rangi ya asali. Akauweka mbele yangu, akanipigapiga bega.

Nikamwambia Zuhura, "Ona bahati! Bibi kaniona ninavyolikodolea macho jiko lake." Nikautafuna wote. Nikaongeza na wali.

Mwalimu wa hesabu huyo! Moja na moja zimewekwa mbele yangu kwenye sahani, naziona, nazitafuna, na jawabu sipati.

Siku ya harusi ikafika. Ukumbi wa Ibra, taa mpaka macho yanauma, maua yangetosha mji mzima, na Nasra amekaa kwenye kosha, kile kiti cha bibi harusi, mzuri mpaka niliogopa kumtazama. Simu zilichukuliwa mlangoni kama desturi, asije mtu akapiga picha. Nilisikitika khasa. Nilitaka niimbe na kumbukumbu ibaki. Leo namshukuru yule msichana wa mlangoni na mfuko wake wa simu.

Upande mmoja wamekaa wetu, upande mmoja wao. Nikapanda.

Nyimbo za kwanza nilimwimbia mtoto wangu. Sitazisema vibaya, zilikuwa za kweli. Wanawake walilia, mimi mwenyewe nilikaribia. Nilifanya yote niliyofundishwa: sikukimbia, niliutazama ukumbi meza kwa meza, nilinyamaza mahali pa kunyamaza nikaiacha ganuni iseme. Nilimsikiliza mpiga dumbaki. Watu wakaja kunitunza, noti zikawa nyingi mkononi mpaka nikampa Zuhura anishikie. Ningeshuka hapo, jamani! Ningeshuka hapo hapo, leo ningekuwa naandikia ukurasa wa mapishi, si huu wa makosa.

Sikushuka. Nikapiga kisigino, fidla ikaanza tuni ya wali wa ndoto.

Beti la kwanza upande wetu walitazamana. Kiitikio kilipofika wakaelewa, wakaangua kicheko, wengine wamejifunika shela. Na upande wa pili, masikini ya Mungu, wakaona wenzao wanafurahi, wakafurahi nao! Wakapiga makofi! Vigelegele! Yule mke wa ami, mwenye pete zake, akainuka katikati ya ukumbi akaanza kucheza, mikono juu, anazunguka, anacheza tusi lake mwenyewe. Upande wetu walikuwa wanakaribia kuanguka chini ya meza.

Niliona raha! Nimeahidi kusema kweli, basi hiyo ndiyo kweli. Nilijiona malkia. Nikapiga kisigino mara mbili.

Na bendi, kama tulivyopatana, ikakamata kiitikio. Ikakirudia. Waume nyuma ya pazia wakaitikia kwa sauti moja, "hulishwa wali wa ndoto", na mimi nikazunguka na maikrofoni, nikinyoosha mkono kwenye meza za wakwe kama ninayewapa maua.

Ndipo Bibi Zuwena alipoinuka.

Alitoka mezani kwake na noti moja mkononi. Niliona vizuri sana, bibi anakuja kutunza. Lakini alikuwa anakuja kwa kucheza. Si mchezo wa Al-Qabil. Alikuja kwa ule mwendo wa Unguja, wa polepole, bega moja linakwenda na fidla, noti ameishika kwa ncha za vidole na kuipepea kidogo, kichwa kimeinama upande. Bibi yangu alikuwa akicheza hivyo hivyo. Mwendo huo haufundishwi kwenye Yutyubu.

Meza zetu za mbele ziliacha kucheka. Kisha zile za kati.

Nyie mnajua kutunza kulivyo. Mtu haji tu. Hungoja neno lake. Neno likimgusa, au likiwa ndilo analolitaka, hapo ndipo hutia noti, na ukumbi mzima hujua hilo ndilo alilolichukua. Bibi Zuwena alipanda ngazi, akasimama mbele yangu, akangoja. Waume wakaimba "mgeni akisonona". Akangoja. Wakaimba "hulishwa wali wa ndoto". Akaniwekea noti kiganjani na kuvifunga vidole vyangu.

Akanisogelea sikioni. Maikrofoni ilikuwa chini ya kidevu changu, wazi.

"Juzi ulikula kwangu, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha mjini Unguja ambacho sijakisikia tangu wazee wangu wafe. "Hata ukoko nilikuletea. Nilikusikia unautamani."

Ukumbi mzima ulisikia. Akanishika shavu, hakunifinya, alinishika tu. Akashuka.

Laiti kungekuwa kimya! Kungekuwa na heshima kidogo. Lakini bendi hawaoni! Wao walisikia sauti ya mwanamke, wakadhani ananipongeza. Kisigino changu kilikwishasema kirudiwe, basi wakakirudia, kwa moyo wao wote. "Mlango wao mpana!" Nimesimama. "Jikoni hapana moto!" Mguu haunyanyuki. Dumbaki ikazidi kuchangamka, Ustadh Mbarak akatia madoido ya fidla ambayo hata kwenye mazoezi hakuyatia. Kila walipofika kwenye wali wa ndoto niliona nafa upya.

Zuhura ndiye aliyepanda mbio akapiga mguu kwenye mbao. Akapiga mara moja. Mara moja, si mnakumbuka, ni kwenda beti linalofuata! Wakaingia beti linalofuata. Muziki mtamu, hakuna anayeimba. Mpaka Zuhura akaweka mdomo kwenye pazia akapiga kelele, "Basi! Basi, jamani, basi!"

Nilimtazama Nasra. Alikuwa hanitazami mimi. Alimfuata Bibi Zuwena kwa macho mpaka alipokaa.

Kumbukeni wale wa upande wa pili walikuwa hawajaelewa. Tafsiri ilipita meza kwa meza, nikaiona inavyopita, nyuso zinabadilika mstari kwa mstari. Ilipomfika mke wa ami, alikaa chini na kuanza kuzizungusha pete zake. Nilidhani watatoka. Nilitamani watoke, warushe viti, wanitukane. Bibi Zuwena aliwaambia neno moja, wakabaki. Wakala, wakashukuru, wakatupa mkono mmoja mmoja, na kuondoka kwa adabu zote. Sijawahi kupigwa namna ile.

Nasra alinishika kwenye chumba cha pembeni kabla ya kupelekwa kwenye gari.

"Mama," akasema. Hakusema mdogo. "Unajua nani aliyenitaka kule? Wote walikataa. Walisema msichana wa Zinjibar wa nini. Bibi ndiye aliyewaambia, na mimi nimezaliwa wapi? Ndiye aliyewashinda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba bibi anajua Kiswahili.

"Aliniomba nisiseme. Tangu aletwe huku akiwa msichana hajakisema mbele yao, mumewe alikuwa hataki. Akinipigia simu tunazungumza chini chini, anacheka kama mtoto. Alitaka usiku wa leo, ukimaliza kuimba, apande akusalimie kwa Kiswahili mbele ya wakwe zake wote. Alikuwa anajifunza maneno ya kusema, Mama. Alinisomea."

Na mimi wimbo wangu nilimficha Nasra. Nilitaka nimfanyie zawadi ya ghafla.

Ustadh Mbarak hakuzungumza nami. Alimwita mume wangu nje, wanapopakia ngoma kwenye gari. "Mwambie mkeo amewaitikisha wanaume wazima tusi, mbele ya mwanamke anayeweza kuwa mama yangu. Sauti anayo, simnyimi. Lakini arudi kwenye flashi yake." Mume wangu aliniletea maneno hayo kama yalivyo. Kwa Zuhura sikuhitaji kungoja habari zienee. Ukumbi ule hakuna simu, lakini mdomo hauachwi mlangoni. Nizwa walijua kabla sijavua viatu. Wimbo umefika mbali, hamwezi kusema haukufika.

Nikakaa na aibu yangu. Kila nikimpigia Nasra alijibu, salama, alhamdulillahi, hajambo, hatujambo, mkato mkato, kama anamjibu mwalimu. Mwisho nikatia halwa kwenye gari na kwenda Al-Qabil kuomba radhi.

Walinipokea! Nyumba ya mlango mpana na jiko lisilo moto! Tende, matunda, kahawa, kisha likaja sinia la wali na nyama ambalo watu wawili walilibeba. Wali wa nyama, wa Kiarabu. Wa nazi haukuwepo.

Bibi Zuwena alikaa mbele yangu. Nikapiga magoti, nikashika mkono wake. "Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea, na sina la kujitetea."

Akanitazama kwa yale macho yake. Kisha akamgeukia Nasra.

"Mo tgul hadhi?" akauliza. Huyu anasema nini?

Nasra uso ukamwiva. Lakini akatafsiri. Mtoto wangu niliyemlea kwa Kiswahili alichukua Kiswahili changu akakigeuza Kiarabu, akampa mwanamke anayekijua kuliko sisi sote wawili. Mie Kiarabu ninakijua, lakini nilifahamu kwamba hata ningekisema isingekuwa tafauti. Nilisema nilijua si haki. Nasra akatafsiri. Nilisema nilikuwa na hasira na mtu mwingine, yeye hakuwa na kosa. Nasra akatafsiri na hilo.

Bibi Zuwena akajibu kwa Kiarabu, kwa upole, tena kwa maneno machache.

"Anasema," Nasra akaniambia, "kula, wali usipoe."

"Kuli," akasema bibi mwenyewe, akinisogezea nyama nzuri nzuri. "Kuli, kuli."

Nikala. Mngefanyaje nyie? Nikala na machozi yangu, na kila nikipunguza aliniongezea.

Nasra alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nikamuuliza, na wewe je, huzungumza nawe? Akasema huzungumza, tena kwa wema, humpenda kama mjukuu wake wa damu. Kwa Kiarabu. Tangu harusi hajatamka neno moja la Kiswahili, hata wakiwa peke yao. Nasra akimwanzia, humwambia kwa Kiarabu, "Mwanangu, nimesahau."

"Kabisa?" nikauliza.

Nasra akatazama chini, akachezea shela yake.

"Mara moja moja, akiwa jikoni anachagua mchele. Akidhani hakuna mtu. Huimba kidogo."

Moyo ukanipanda. Nikamshika mkono. "Huimba nini? Nyimbo za kwao?"

"Wako, Mama," akasema. "Ule wako. Na nikiingia hunyamaza."

Kwa hivyo wenzangu mnaopenda jukwaa, fanyeni mazoezi, sikatazi. Wekeni bendi ya watu hai, msikilizeni mpiga dumbaki, msikimbie. Lakini kama tumboni umebeba kisasi, tafadhali imba vibaya. Kosa tuni, sahau maneno, likwame koo, watu wakuzomee uende zako nyumbani na familia yako kamili. Na msije mkahesabu nani ukumbini anajua lugha yenu na nani haijui. Mie ndiyo kazi yangu kuhesabu, na mnaona jawabu nililopata.

Ustadh Mbarak hakunidanganya: wimbo ukiwa mzuri, mtu huondoka nao. Wangu umeolewa Al-Qabil pamoja na Nasra, na ndicho Kiswahili pekee kilichobaki katika nyumba ile.